Swali ambalo mahakama zetu ziliacha kuuliza

*Kenya iliwaondoa washauri wa mahakama mwaka 2007. Pamoja nao likaondoka swali moja fupi ambalo mshtakiwa wa Tudor bado anastahili kuulizwa.*

Tuseme kijana wa Moroto, hapa Tudor, ameshtakiwa kwa mauaji. Ugomvi ulizuka magharibi karibu na ufuo, kisu kikachomolewa, na aliyechomwa akakata roho kabla hajafikishwa hospitali ya Tudor. Tuseme pia kwamba mahakama inataka watu 12 wa mtaa huuhuu waketi, wasikilize ushahidi na watoe uamuzi.

Wa kwanza kuitwa ni mama muuza mahamri. Mshtakiwa amekulia mlangoni kwake. Wa pili ni mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hamjui mshtakiwa wala marehemu, ila picha ya maiti aliiona kwenye WhatsApp usiku uleule na maelezo yake chini. Wa tatu ni muuguzi, na mwenzake wa zamu ndiye aliyempokea marehemu. Wa nne, mvuvi, ni shemeji wa upande wa marehemu. Wa tano ana vyumba vya kupangisha na anamdai mshtakiwa kodi. Wa sita hana undugu na mtu yeyote katika shauri hili, lakini akiulizwa vizuri atakwambia kwamba vijana wa Moroto wote ni wale wale.

Kesi hii nimeibuni. Mtaa sikuubuni. Yeyote aliyeishi Kaa Chonjo, Tudor Four au zile nyumba za zamani za manispaa anajua kwamba hapa habari ya mtu hufika kabla ya mwenyewe. Sita hao hawana ubaya wowote, na kila mmoja angeapa kwa moyo safi kutenda haki. Ila ukimwondoa mhadhiri, ambaye naye ana picha kichwani, sijui ningemwachia nani kesi ya mwanangu.

Katika nchi zenye jopo la raia, kuwauliza watu kama hao maswali ndiyo kazi ya kwanza ya kesi, kabla shahidi hajapanda kizimbani. Unamjua mshtakiwa? Umesikia nini? Utaweza kuliweka kando ulilosikia? Hapa kwetu hakuna raia anayeulizwa, kwa sababu hakuna raia anayeketi. Jaji anaamua peke yake. Tumezoea hivyo kiasi kwamba wengi hawakumbuki kuwa haikuwa hivyo siku zote.

Viti vitatu vilivyoondolewa

Kwa miongo mingi, kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu ya Kenya ilisikilizwa na jaji pamoja na washauri watatu, ambao wengine waliwaita wazee wa baraza. Walikuwa raia wa kawaida. Walisikiliza ushahidi wote, kisha kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo: ana hatia au hana. Sheria ilimtaka jaji awasikilize lakini haikumfunga kwa maoni yao.

Katika mahakama za Afrika Mashariki zilizorithi mfumo huo, kulikuwa na desturi ambayo mimi naiona ndiyo kiini chake. Majina ya washauri yalisomwa, wenyewe wakiwa wamesimama mbele ya watu, kisha mshtakiwa akaulizwa kama ana pingamizi na yeyote kati yao. Lilikuwa jambo la dakika moja. Ndiyo iliyokuwa dakika pekee katika kesi nzima ambapo mtu aliye kizimbani aliulizwa anawaonaje watakaompima.

Kenya ilifuta utaratibu wa washauri kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Oktoba 15 mwaka huo. Sababu zilikuwepo, tena nzito. Mshauri mmoja akikosa siku moja ya ushahidi, kesi nzima ingeweza kuvunjika kwenye rufaa. Posho zilichelewa. Na mawakili waliuliza: kuna faida gani kumweka mtu mwaka mzima akisikiliza, kisha maoni yake yakatupwa kwa aya mbili za hukumu?

Sikatai hoja hizo. Ninachosikitikia ni kwamba viti vilipoondolewa hakuna aliyefikiria kulibakisha swali.

> Ndiyo iliyokuwa dakika pekee katika kesi nzima ambapo mtu aliye kizimbani aliulizwa anawaonaje watakaompima.

Jopo la Wazungu, kwa Wazungu

Anayelitetea jopo la raia nchini Kenya inabidi kwanza ajibu historia yake. Chini ya ukoloni haki hiyo ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji mwenye washauri. Mzungu alihukumiwa na Wazungu wenzake, majirani zake wa mashambani na klabuni.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole alimpiga risasi mtu aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo, akamuua. Jopo lilimwachilia. Serikali yenyewe ya kikoloni ilifedheheka hata ikamfukuza nchini. Mwaka 1923 mlowezi mwingine, Jasper Abraham wa Molo, alimpiga mtumishi wake Kitosh hadi akafa, kisa Kitosh alikuwa amempanda farasi. Jopo halikuona mauaji. Liliona kujeruhi vibaya, na Abraham akapewa miaka miwili.

Hakuna aliyewauliza wale wanajopo kama walikuwa na wafanyakazi waliowahi kuwapiga. Swali hilo lingeulizwa, nadhani jopo lisingepatikana Bonde la Ufa lote.

Lakini historia hii haiendi upande mmoja tu. Mwishoni mwa mwaka 1959 jopo la Wazungu lilimtia hatiani Peter Poole kwa kumuua Mwafrika, na Agosti 1960 akanyongwa. Upande wa pili, Novemba 1956 huko Nyeri, Dedan Kimathi alihukumiwa na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu, wote Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia. Ilikuwa katikati ya hali ya hatari, wakati jamii ya Wakikuyu yenyewe ilikuwa imegawanyika kati ya waliokula kiapo na waliosimama na serikali. Rangi ya washauri ilifanana na ya mshtakiwa. Je, nani aliwauliza walisimama wapi katika vita vile?

Kisha ikaja kesi ya Tom Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere, aliyeshtakiwa kwa kumuua Robert Njoya mwaka 2006. Kwa kuwa kesi ilianza kabla ya sheria kubadilika, iliendelea na washauri. Mwaka 2009 washauri hao walisema hana hatia. Jaji Muga Apondi alitofautiana nao, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa miezi minane. Anayedhani kwamba raia wa kawaida siku zote humpendelea wa kabila lake, au kwamba jaji siku zote humwogopa mkubwa, aisome kesi hiyo polepole.

Mombasa, 1980

Mjini kwetu wazee bado wanaikumbuka kesi ya baharia wa Kimarekani, Frank Sundstrom. Alimuua Monica Njeri hapa Mombasa mwaka 1980. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na Jaji Leslie Harris akamwachilia kwa dhamana ya Sh500 ya kudumisha mwenendo mwema kwa miaka miwili. Jaji alikuwa Mzungu, na kiongozi wa mashtaka vilevile. Hasira zilitanda nchi nzima.

Huenda jaji yule aliamini kwa dhati kwamba anatenda haki. Hilo halikumsaidia mtu yeyote, kwa sababu mji uliokuwa ukitazama haukuwa na njia ya kuuliza. Haki inayotolewa na mtu ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumhoji hubaki na doa hata ikiwa safi, na doa la mwaka 1980 halijatoka.

Leo Katiba ya 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 50, haki ya shauri lake kuamuliwa na mahakama au chombo kingine kilicho huru na kisichopendelea. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kesi ya usawa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Anayemtilia shaka jaji au hakimu anaweza kumwomba ajiondoe, na kipimo ni kama mtu mwenye busara, anayejua mambo yote ya kesi, angeona uwezekano wa upendeleo.

Ni kipimo kizuri kwa mwenye wakili. Kijana wa Moroto atajuaje kama hakimu aliye mbele yake amepanga nyumba kwa mjomba wa mlalamishi? Na akijua, ni nani mwenye ujasiri wa kusimama peke yake kizimbani akamwambia hakimu ajiondoe, ilhali akikataliwa ni hakimu huyohuyo atakayeendelea na kesi? Ombi la kujiondoa linamtwika mzigo aliye mnyonge kuliko wote chumbani. Swali linaloulizwa na mahakama yenyewe linamwondolea mzigo huo.

New York iliwauliza nini

Januari 2001, katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, Jaji Leonard Sand alianza kuchuja watu wa kusikiliza kesi ya mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam. Kati ya washtakiwa wanne, wawili walikuwa na nyayo katika pwani yetu: Mohamed Sadeek Odeh, aliyewahi kuishi Mombasa na kufanya biashara ya samaki, na Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar.

Walioitwa walijaza kwanza fomu ndefu ya maswali, kisha wakaingizwa mmoja mmoja mbele ya jaji na mawakili wa pande zote. Waliitwa kwa namba, majina yakafichwa. Kwa kuwa washtakiwa wawili, Khalfan na Mohamed Al-Owhali, walikabiliwa na adhabu ya kifo, kila mmoja aliulizwa anavyoiona adhabu hiyo. Aliyesema hawezi kamwe kuitoa aliondolewa. Aliyesema angeitoa kwa kila muuaji bila kutazama jambo lingine naye aliondolewa. Kazi hiyo ilichukua Januari karibu yote. Maelezo ya ufunguzi yalisikika Februari 5.

Mei 29 jopo liliwatia wote wanne hatiani kwa mashtaka yote. Lakini lilipofika suala la kifo halikukubaliana juu ya Mohamed Al-Owhali, wala juu ya Khalfan, hivyo wawili hao wakapata kifungo cha maisha. Uamuzi huo wa jopo ulitoka kabla ya mashambulizi ya Septemba 11.

Aliyeona hapo bahati ya tarehe tu aiangalie kesi ya Ahmed Ghailani, Mzanzibari mwingine aliyeshtakiwa kwa mabomu yaleyale, mwaka 2010. Mahakama ilikuwa mwendo mfupi kutoka mahali majengo yale mawili yalipoanguka. Jopo lilichujwa vilevile. Novemba 17 lilimwachilia kwa mashtaka 284 kati ya 285, likamtia hatiani kwa moja lililotosha kumpa kifungo cha maisha. Siku mbili kabla, mwanajopo mmoja alikuwa amemwandikia jaji akiomba atolewe, kwa maelezo kwamba yuko peke yake na wenzake wanamshambulia kwa msimamo wake. Jaji Lewis Kaplan aliwarudisha wote chumbani wakaendelee.

Ninapoisoma barua ile naona kitu ambacho sijapata kukiona mahakamani kwetu: raia wa kawaida aliyemaanisha kiapo chake kiasi cha kuumia.

> Ombi la kujiondoa linamtwika mzigo aliye mnyonge kuliko wote chumbani.

Maswali nayo hugeuzwa silaha

Wapo wanaosema uchujaji huo ni njia ya mawakili kujichagulia wanaowataka, na ushahidi wanao. Marekani inawaruhusu mawakili kuwakataa baadhi ya watu bila kutoa sababu. Waendesha mashtaka waliitumia ruhusa hiyo kuwaondoa weusi, hadi Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986 katika kesi ya Batson. Haikuisha. Curtis Flowers wa Mississippi alifikishwa kizimbani mara sita kwa kosa lilelile na mwendesha mashtaka yuleyule. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilihesabu kwamba katika kesi hizo watu weusi 41 kati ya 42 walioweza kukataliwa walikataliwa.

Uingereza ilifuta ruhusa ya kukataa bila sababu mwaka 1988, na kwa kawaida haiwahoji sana wanajopo wake.

Kwa hiyo la kujifunza Marekani ni kuuliza, wala si kumkataa mtu kimyakimya. Na kielelezo chake tunacho jirani. Uganda bado ina washauri, na sheria yake inaruhusu upande wowote kumpinga mshauri kabla hajaapa, mradi sababu itajwe: upendeleo uliopo au unaodhaniwa, udhaifu wa mwili au umri, tabia yake, au kutoijua vya kutosha lugha ya mahakama. Sababu inasemwa hadharani na jaji anaipima.

Tanzania nayo ina funzo. Katika kesi ya Tongeni Naata mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mshtakiwa apewe nafasi ya kusema kama anampinga mshauri yeyote. Katika kesi nyingine mahakama hiyo ilielezea sababu: hata kama sheria haijaandika neno hilo, ni busara na ni utaratibu mzuri, ili mshtakiwa awe na imani kwamba anatendewa haki. Baadaye ikatengua kesi kadhaa kwa kuwa washauri waliwahoji mashahidi kana kwamba wao ni mawakili wa upande mmoja. Mwaka 2022 Bunge lilibadilisha sheria, na sasa kesi inaweza kusikilizwa na washauri au bila wao. Wanaondoka huko pia, pole pole.

Mgeni haijui njia ya Moroto

Kenya, bila kulitamka, imechagua jibu lake kwa hofu ya upendeleo: mgeni. Majaji na mahakimu huhamishwa kutoka mji hadi mji, na anayeletwa Mombasa mara nyingi hana mjomba Tudor wala deni Tononoka. Ni kinga ya kweli, nami nisingependa iondoke.

Ila mgeni ana upungufu wake. Shahidi akisema alimtambua mshtakiwa saa moja na nusu usiku kwenye uchochoro wa Moroto, mtu wa Moroto anajua kama pale pana taa. Anajua umbali wa mita tano uchochoroni ni nini. Jaji atategemea wakili aulize, na wakili asipouliza jambo limepita. Kinachomfanya mtu wa mtaa afae kuamua ndicho kinachomfanya asifae, na huwezi kuvitenganisha mpaka umwulize.

Wazee wamerudi kwa mlango mwingine

Nisingeliandika hili kama lingekuwa la historia tu. Wazee wanarudi. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama kuendeleza njia za kienyeji za kusuluhisha migogoro, na Agosti 2020 Jaji Mkuu David Maraga alizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyoandaliwa na kikosi kilichoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Mashauri ya ardhi, urithi, ndoa na ugomvi wa majirani yanapelekwa kwa wazee ili kupunguza mlundiko.

Ni jambo jema. Pwani tuna maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, tangu zamani, na ndoa nyingi zimeokolewa na mzee mmoja mwenye subira. Lakini sote tunajua pia maslaha yaliyogeuka. Msichana amenajisiwa, wazee wanaketi, pesa zinahesabiwa, na mzee anayeongoza kikao ni ami yake mshukiwa. Msichana hakuulizwa kama anamkubali mzee huyo. Mara nyingi hata chumbani hakuwemo.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini. Kama kikao cha wazee kinaweza kufika huko, basi wanaoketi humo wanabeba uzito wa jaji. Kifungu cha 50 kinakitaja chombo kingine chochote kinachoamua, na kwa macho yangu kikao hicho kimo.

Ninalotaka ni dogo. Kabla ya kikao chochote kinachotambuliwa na mahakama, kila mzee aseme mbele ya pande zote mbili, na iandikwe: ana undugu gani na wahusika, ana deni au biashara nao, alishasikia nini, alishasema nini juu ya jambo hili, amepewa au ameahidiwa chochote. Kisha kila upande uulizwe, na mwanamke aulizwe mwenyewe, wala si kupitia kaka yake. Mahakamani, hakimu naye aanze kesi kwa kutaja lolote linalomhusisha na pande husika bila kusubiri aombwe kujiondoa. Hili halihitaji kurudisha jopo wala kubadilisha Katiba. Jaji Mkuu ana uwezo wa kutoa maelekezo ya utaratibu.

Ugumu upo kwenye gharama, kama ilivyokuwa kwa washauri. Tudor ikikosa wazee watatu wasio na undugu na shauri, itabidi waletwe kutoka Likoni au Changamwe. Wa Likoni atavuka feri bila kulipa, lakini matatu ya kumfikisha Tudor ina nauli, na mtu aliyeacha duka lake kutwa anastahili posho inayolipwa siku hiyohiyo. Asipolipwa na mahakama atalipwa na mmoja wa wenye kesi. Fedha hizo ziwemo kwenye bajeti ya Idara ya Mahakama, zikiwa na fungu lake, kabla kikao kingine cha wazee hakijazinduliwa Mombasa.